Subaru ya turbo inayokanyagwa kabla ya kupata moto: dalili, vyanzo na namna ya kuvitenganisha

Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Subaru Impreza unapima maji. Haupimi oili. Matatizo mengi ninayoyaeleza hapa yanaanzia pale dereva anapoona mshale umetulia, akaamini injini nzima imepata moto, akakanyaga mpaka mwisho.

Nimechagua Impreza WRX na STI zenye injini za EJ20 na EJ25 kwa sababu ndizo gari za kasi zilizo mikononi mwa watu wetu wengi. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote wawili wakiwa kwenye Impreza, na tangu hapo gari hii ina wapenzi Nairobi, Arusha na Dar es Salaam ambao hawataki kusikia habari ya nyingine. Nyingi zinatufikia zikiwa zimeshatumika Japani, kumbukumbu za matengenezo hazipo, na zinaanza maisha ya pili kwenye foleni na vilima. Injini ya EJ si dhaifu kama inavyosemwa vijiweni. Inataka oili safi, maji yanayozunguka sawasawa, na subira ya dakika chache kila asubuhi. Mwenye BMW M3 au Honda S2000 atajikuta humu pia, maana oili ni oili.

Anza na dalili uliyonayo. Usianze na kununua vipuri.

Mshale umetulia katikati, lakini injini bado nzito

RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda kwa uvivu, gia zinaingia kwa kusukumwa, na kama umefunga mita ya presha ya oili, inasoma juu kuliko kawaida. Huu si ugonjwa. Ni injini inakwambia bado.

Maji hupata moto haraka kwa sababu thermostati huyafungia ndani ya injini, yasiende kwenye rejeta, mpaka yakaribie nyuzi 78. Dakika tano hivi za kuendesha mara nyingi zinatosha. Oili haina upendeleo huo. Imekaa chini kabisa kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, lita 4 hivi, na bati la sampu linapigwa na upepo wa barabarani muda wote. Mshale wa maji ukishatulia, oili inaweza kuwa bado iko nyuzi 50 au 60, na itahitaji dakika nyingine kumi za mwendo wa taratibu ili ifike 80.

Hapo ndipo utasikia mtu wa Dar akisema: huku kwetu joto, gari linaamka limeshapata moto. Tazama namba. Oili ya 5W-40 ikiwa nyuzi 100 ina mnato wa sentistoki 14 hivi (namba ikipanda, oili ni nzito zaidi). Oili hiyo hiyo ikiwa nyuzi 40, joto linalozidi hata mchana wa Dar, inafika sentistoki 80 na zaidi. Yaani ni nzito karibu mara sita. Asubuhi ya Julai pale Limuru au Njombe hali ni mbaya zaidi. Na ile 5W kwenye chupa inamaanisha tu kwamba pampu itaweza kuivuta oili hata kwenye baridi kali. Haimaanishi kwamba ikiwa baridi ni nyepesi.

Mwenye mita ya presha hudanganyika kwa njia nyingine. Anaona presha iko juu, anaridhika kwamba oili inafika. Presha ya asubuhi iko juu kwa sababu oili inapita kwa shida. Vali ya kupunguza presha kwenye pampu inafunguka na kurudisha sehemu ya oili kabla haijafika kwenye beringi. Kwenye filta nako vali ya dharura inaweza kufunguka, oili ikapita bila kuchujwa. Ukipandisha hadi 6,000 wakati huo, beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), zile ambazo mafundi wengi huziita bigi endi, zinabeba mzigo wa kasi huku zikipata oili pungufu, pengine chafu.

Tiba ni kuijua hali ya oili yenyewe. Funga mita ya joto la oili, sensa yake ikae kwenye bamba linalowekwa kati ya filta na injini, au kwenye sampu. Chini ya nyuzi 80 usikanyage mpaka mwisho. Kati ya 90 na 105 uko nyumbani. BMW walilichukulia jambo hili kwa uzito: kwenye M3 ya E46 waliweka taa kwenye mita ya RPM zinazozimika kadiri oili inavyopata joto, ili dereva aone amefika ruhusa ya wapi. Subaru ya zamani haina taa hizo, kwa hiyo mita ya kufunga mwenyewe ni pesa iliyotumika vizuri kuliko bomba la moshi la kelele.

Kama umefunga mita na oili haifiki 80 hata baada ya nusu saa barabarani, angalia kama aliyekutangulia alifunga rejeta ya oili ya nje bila thermostati yake. Kwenye mbio ndefu rejeta hiyo ni msaada. Kwenye safari ya kwenda kazini inaipoza oili ambayo bado hujaipasha.

Kuipasha, kwa utaratibu

Washa, funga mkanda, subiri RPM zishuke. Injini baridi kuzunguka kwenye 1,500 hivi ni kawaida, kompyuta inaongeza mafuta ya petroli na kupasha bomba la moshi. Nusu dakika hadi dakika moja, kisha ondoka. Kuliacha gari liungurume robo saa getini hakukusaidii: petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na giaboksi na difu zinabaki baridi vilevile, maana zenyewe hupata moto kwa kutembea tu.

Kaa kati ya 2,000 na 3,000, mguu mwepesi, turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) isipandishe presha. Kosa la upande wa pili ni kulitesa gari kwa gia kubwa: gia ya tano kwenye 1,500 huku unapanda mlima ni mzigo mzito juu ya beringi ambazo bado hazijapata oili nzuri. Shusha gia, acha izunguke. Maji yakitulia, panda hadi 4,000 kwa nusu ya mguu. Mwendo kamili usubiri oili. Na usipige resi gari likiwa limesimama na baridi, hata kama rafiki anataka kusikia mlio.

Inagonga ikiwa baridi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu milio mitatu tofauti hufanana masikioni na gharama zake hazikaribiani kabisa. Swali la kuanzia ni moja: mlio unafanya nini injini inapopata moto?

Ukipungua hatua kwa hatua na kuisha ndani ya dakika chache, na ni mlio mzito, butu, unaotoka kwenye bloku, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kalibu kilichotengeneza ukuta wa silinda za EJ. Kwa hiyo pistoni huwekwa ikiwa na nafasi kidogo pembeni, ijae ikipata moto. Pistoni za kufua, ambazo watu huzifunga wanapotaka nguvu zaidi, hutanuka zaidi na huachiwa nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo hugonga zaidi asubuhi. EJ ina sifa ya mlio huu hata ikiwa na pistoni za kiwandani. Unaweza kuishi nao miaka. Usichoweza ni kuukanyagia: pistoni inayocheza ikipigishwa RPM kubwa inakwangua ukuta na kuipanua hiyo nafasi, na msimu ujao mlio unachukua muda mrefu zaidi kuisha. Kwa hiyo pima muda. Mlio uliokuwa ukiisha kabla mshale haujapanda, sasa unadumu mpaka umetulia? Pima kompresheni (presha ya hewa inayokandamizwa na pistoni) ya silinda zote nne uone ipi imebaki nyuma.

Ukiwa ni tiki-tiki kali, nyembamba, inayokwenda na RPM na kutoweka chuma kikipata moto, tafuta moshi unaovuja kwenye menifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) au kwenye gasketi ya bomba linalopeleka moshi kwenye turbo. Chuma kikitanuka kinaziba ufa. Injini ikiwa baridi kabisa, paka maji ya sabuni kwenye viungo, mwenzako awashe, utaona mapovu. Masizi meusi kwenye kiungo yanasema hivyo hivyo. Kazi ndogo, lakini usiiache, maana turbo inakula moshi huo ili izunguke.

Mlio wa tatu ndio wa kuogopa. Asubuhi upo kimya au haupo kabisa, kwa sababu oili nzito imejaza nafasi kwenye beringi. Injini ikipata moto na oili ikawa nyepesi, unaanza: ko-ko-ko, wazi zaidi kati ya 2,000 na 3,000 ukiwa na mguu mwepesi, na unasikika zaidi unapoachia ghafla. Hiyo ni beringi ya konrodi. Mlio unaokua na joto, zima injini. Usiendeshe hata mpaka gereji ya jirani. Tafuta gari la kuvuta. Tofauti ya kubadilisha beringi na kununua injini nzima inaweza kuwa ni hizo kilomita tano za mwisho.

Kama masikio hayatoshi, tumia bisibisi ndefu: ncha kwenye bloku, mpini kwenye sikio, pitia silinda moja moja. Kisha chomoa plagi ya umeme ya injekta ya silinda moja injini ikiwa inazunguka (usichomoe koili, petroli isiyoungua itakwenda kuharibu bomba la moshi). Mlio wa konrodi hupungua au hubadilika ukiondoa mzigo kwenye silinda yake. Wa pistoni nao unaweza kupungua, ndiyo maana joto linabaki kuwa shahidi wako mkuu.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye oili. Imwage ikiwa ya moto kupitia kitambaa cheupe, kata filta, kunjua karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometameta kama vijani vya rangi ya fedha au shaba, ambavyo sumaku haivivuti, ni beringi. Vinavyovutwa na sumaku ni chuma kutoka kwingine, na navyo si habari njema. Hakikisha unafanya hivyo mbele ya fundi, wala msikubaliane kuitupa oili kabla nyote wawili hamjaiona.

Mshale unapanda polepole sana, au unashuka ukiteremka

Hii inanihuzunisha kuliko nyingine kwa sababu mara nyingi imefanywa kwa makusudi. Gari lilichemsha siku moja, fundi akaing'oa thermostati, akasema nchi za joto haihitajiki. Gari halikuchemsha tena, mwenye gari akashukuru. Kuanzia siku hiyo maji yanakwenda rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kuamini ni asubuhi: inamwaga petroli ya ziada, ulaji wa mafuta unapanda, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli inayoshuka kwenye kuta za silinda inaingia kwenye oili. Chomoa dipstiki. Kiwango kimepanda tangu ulipobadilisha oili mara ya mwisho, na inanuka petroli? Badilisha oili, lakini ukiacha chanzo utaibadilisha tena mwezi ujao.

Thermostati inaweza pia kuwa ipo na imekwama ikiwa wazi, hasa kwa gari lililojazwa maji ya bomba kwa miaka badala ya kulanti, maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Gari la miaka ya 2000 na kuendelea huweza kuwasha taa ya injini, na mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikatoa namba P0128, maana yake maji hayafiki joto linalotakiwa. Za miaka ya 90 kutoka Japani usizitegemee zikwambie kitu.

Kwenye EJ thermostati iko chini, kwenye mdomo wa pampu ya maji, upande maji yanakorudi kutoka rejeta. Itoe uipime jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako, weka na kipimajoto, washa jiko. Inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na iwe wazi kabisa ikikaribia 91. Ikiwa wazi tangu maji ni baridi, au ikingoja mpaka yachemke, itupe. Unaponunua nyingine, linganisha na ya asili uliyoishika mkononi: za bei rahisi nyingi ni ndogo kwa umbo, na kwenye injini hii udogo huo una madhara. Ukiirudisha na gari likaanza kuchemsha tena, basi umegundua tatizo la kweli lililofichwa: rejeta iliyoziba, feni, pampu, au gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini).

Krimu nyeupe chini ya kifuniko cha oili

Usikimbilie kulia gasketi. Unyevu wa hewa na mvuke wa mwako hujikusanya ndani ya injini, na kazi ya oili ya moto ni kuutoa. Gari linalokwenda kilomita tatu kazini na tatu kurudi halifiki joto hilo, na kwa kuwa mdomo wa kujazia oili wa EJ ni bomba refu lililo mbali na joto, mvuke huganda pale kwanza. Futa, endesha dakika arobaini barabara kuu oili ikiwa na moto wa kutosha, rudia safari kama hiyo kila wiki, uone.

Gasketi ina ushahidi mwingine: maji yanapungua na hakuna yanapovuja, mapovu kwenye tangi la maji injini ikizunguka, moshi mweupe mtamu puani hata injini ikiwa ya moto, na oili kwenye dipstiki yenyewe imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hilo la mwisho usiwashe tena.

Moshi wa bluu

Unatoka asubuhi tu, sekunde chache, kisha unaisha? Silinda za Subaru zimelala ubavu, na gari likiegeshwa limeinama upande, oili kidogo hujikusanya kwenye silinda za chini. Egesha mahali tambarare siku chache uone kabla ya kubadilisha chochote. Ukitoka ukiachia mafuta kwenye mteremko, shuku vali sili, vizibo vinavyozuia oili kupenya kwenye vali. Ukitoka ukikanyaga, ni ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni) au turbo. Vua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo, uangalie kama lina oili ndani kuliko ule utando wa kawaida.

Kwa EJ25 kuna jambo la kusema kwa haki. Kuvunjika kwa ukingo wa pistoni unaoshika ringi si kosa la asubuhi. Huletwa zaidi na petroli kulipuka kabla ya wakati wake, kwa sababu ya petroli hafifu au kompyuta iliyochezewa na mtu asiyejua. Ukipasha injini vizuri na bado ukaweka petroli mbovu kwenye gari lililoongezwa presha ya turbo, utafika palepale.

Taa ya oili inapepesa injini ikiwa ya moto, gari limesimama

Pima kiwango kwanza. Kama kipo, pima presha kwa mita ya mkono badala ya kuiamini sensa ya taa. Presha ikiwa kweli iko chini: oili imechanganyika na petroli, au ni nyepesi kuliko inayotakiwa, au beringi zimepanuka. Kumimina oili nzito ili taa inyamaze kunaifunika dalili, na kila asubuhi kunaongeza muda ambao beringi zinasubiri oili.

Gia ya pili inakwaruza asubuhi

Oili ya giaboksi ikiwa baridi inazuia sinkro kusawazisha kasi za gia. Ikiisha baada ya dakika kumi za mwendo, ni baridi tu: pita gia kwa mkono mpole mpaka hapo. Isipoisha, mwaga oili ya giaboksi uangalie sumaku ya bolti ya chini. Weka 75W-90 ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana baadhi ya oili za difu ni telezi mno kwa sinkro, na gia itaendelea kukwaruza hata ikiwa ya moto.